Mwamba Ngoma na Sikio la Mkewe

Wapendwa, aibu ziko za namna nyingi, na nyingine zinachekesha. Kuna aibu ya kupasukiwa suruali ukweni. Umeinama unanawa mikono, ukasikia nyuma kumeachia, ukabaki umeinama vile vile mpaka mashemeji wakadhani unaombea chakula. Hiyo ni aibu, lakini dawa yake iko kwa fundi cherehani. Kuna aibu ya kuanzisha pambio juu mno, kanisa zima likakufuata mpaka pale koo linapokaba, halafu wewe mwenyewe ukaacha na kujifanya unafunga kamba za kiatu. Naona benchi la besi wanacheka, wanajijua. Hiyo nayo inapita, Jumapili mbili imesahaulika.

Lakini kuna aibu ambayo mtu huivaa na vifungo vyote vimefungwa. Shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, jina lake linasomwa vizuri kanisani, na aibu yenyewe haionwi na yeyote isipokuwa mtu mmoja, yule anayelala naye nyumba moja. Na huyo mmoja hasemi.

Basi palikuwa na fundi mmoja, kazi yake kuwamba ngoma. Msianze kugeuka kutazamana. Hayupo hapa, na kama yupo, amekaa vizuri, tumwache.

Fundi huyu alikuwa na mikono ya ajabu. Ngozi ya mbuzi ikifika kwake ilipokelewa kuliko mgeni. Atailoweka, ataigeuza, ataikwangua nyama iliyobaki taratibu, huku ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Akishaivuta juu ya mzinga na kuipigilia vigingi, ataipapasa kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Ukija kujaribu ngoma yake na pete kidoleni, atakupigia kelele zisikike mpaka barabarani: "Vua pete, bwana! Hiyo ni ngozi, siyo bati!" Mvua ikimkuta njiani na ngoma begani, koti anaivisha ngoma, yeye ananyeshewa. Watu walisema, laiti angalikuwa mpole hivyo kwa watu. Walisema kwa utani. Wengi wetu ukweli tunausema kwa utani, maana ukisemwa hivyo haumlazimu mtu kufanya kitu.

Ngoma zake zilisifika wilaya nzima, lakini siri ya sifa ilikuwa kwa mkewe, mama Subilaga. Fundi alikuwa na mikono; mke alikuwa na masikio. Desturi ya pale nyumbani ilikuwa hivi: ngoma mbili zikishawambwa ziwe pacha, mke anasimama hatua chache mbele, amezipa mgongo. Fundi anagonga huku, anagonga kule. Iliyolegea kidogo, ambayo wao husema "imelala", mama anainyooshea mkono bila kugeuka: ni hii, upande wa juu, kaza kigingi. Hakuwa anakosea. Wateja walimwita sikio la fundi.

Sasa, kwa miezi kadhaa fundi alikuwa ameanza kujivunia jambo jingine. Wanaume walikuwa wanakuja kukaa uani kwake kuzungumza, na mkewe alipopita, fundi aliwaambia:

"Mwangalieni huyo. Nikifungua mdomo tu, anageuza shingo na kuinama kidogo. Mnaona? Hata nikisema nataka chumvi, ananisikiliza kama nasoma tangazo la msiba."

"Wa kwangu," alisema jirani mmoja, "nikifungua mdomo, ndiyo kwanza anaanza kutwanga."

"Wako umemlea vibaya," alisema fundi. "Heshima inafundishwa."

Wakacheka. Naye alicheka kuliko wote. Na kweli, mama alikuwa hivyo. Wakisali, wakila, wakitembea kwenda sokoni, yuko kushoto kwa mumewe, uso umegeuka kumwelekea. Hata kitandani alibadilisha upande wa kulalia. Fundi alisema moyoni, nimebarikiwa.

Ikafika sikukuu ya kanisa lao kutimiza miaka, na wazee wakaagiza ngoma kubwa mbili mpya za kwaya. Kwa desturi ya usharika ule, ngoma haipokelewi kimya kimya. Inaletwa kanisani, inajaribiwa mbele ya wazee na kwaya, ikikubalika ndipo inaombewa. Fundi akazileta, amezivisha khanga kama maharusi. Akaziweka moja huku, moja kule, akamwambia mkewe:

"Mama Subilaga, simama pale mbele, utupe mgongo. Waonyeshe kazi."

Mama alisita. "Baba Subilaga, leo si ungejaribu mwenyewe? Mimi mafua yamenibana."

"Mafua yako puani. Mimi nataka masikio."

Kwaya wakaangua kicheko. Mama akaenda, akasimama, akawapa mgongo.

Fundi akagonga ngoma ya kushoto, kwanza aonyeshe imegongwa ipi. Mama akanyoosha mkono kulia.

Vicheko. "Ametania," akasema fundi, naye akitabasamu. Akagonga tena ile ile ya kushoto, kwa nguvu zaidi. Mama akatulia, ungemwona mabega yamepanda kama mtu anayetafuta njia kwenye giza, kisha akanyoosha mkono. Kulia tena.

Mnajua wanakwaya walivyo. Mmoja akasema, "Mama, kulia ni huo mkono unaoshikia tonge!" Mwingine wa sauti ya pili akasema, "Fundi, sikio lako limekwenda likizo!" Mzee wa kanisa, ambaye huwa hacheki mpaka apate ruhusa ya kikao, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Nanyi hapa mmecheka, nimewasikia.

Fundi akaona joto limempanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ile ilikuwa aibu ya kwanza, ile ya suruali, aibu ya kuonekana. Ngoma zake mbele ya wazee, sifa yake ya wilaya nzima, na mkewe anazigeuza mchezo! Akaacha ngoma, akamwendea kwa hatua ndefu. Akainua mkono. Baadaye aliapa, na mimi namwamini, kwamba alitaka kumshika bega tu, amgeuze, amuulize ana nini.

Lakini mama aliona kivuli cha mkono kikipanda ukutani mbele yake. Akachuchumaa pale pale, viganja vyote viwili juu ya sikio la kushoto, macho amefumba, na akasema kwa sauti ndogo ambayo kanisa zima liliisikia: "Siyo tena hapo. Tafadhali, siyo hapo."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

Mkono wa fundi ukabaki hewani. Hakujua auteremshe vipi. Mtajaribu wenyewe nyumbani mkifika: inua mkono hivi mbele ya watu, halafu watu wakuelewe vibaya, au wakuelewe vizuri, kisha utafute namna ya kuushusha. Alijikuna kichwa. Hakuna aliyedanganyika. Na hapo, akiwa anajikuna kichwa kisichowasha, alikumbuka kofi.

Lilikuwa kofi la kiangazi kilichopita. Hakuwa amelisahau hasa. Alikuwa amelihifadhi kule ambako tunahifadhi vitu tunavyoviita vidogo. Wateja walikuja uani kutoka usharika wa jirani kuchukua ngoma zao. Mama akawapa mgongo kama kawaida, fundi akagonga, mama akasema, "Ya kushoto imelala." Fundi, ambaye alikuwa amewaahidi wageni kwamba ziko tayari, akasema haijalala. Mama akasema, "Imelala, baba Subilaga. Ukiwapa hivi wataturudishia." Wageni wakacheka kidogo. Ndipo alipomgeuza na kumpiga kiganja cha wazi, kimoja, upande wa kushoto wa kichwa. Wageni walipoondoka, wamemwachia ngoma awapelekee mwenyewe, fundi aliikagua ile ngoma peke yake. Ilikuwa imelala kweli. Aliikaza kigingi kabla ya kuipeleka, na hakumwambia mtu. Tangu siku ile, kila alipomuuliza mkewe kuhusu ngoma, jibu likawa moja: "Ziko sawa." Naye akaona, kumbe amekuwa fundi zaidi, hakosolewi tena.

Sasa mnaanza kuelewa ile shingo iliyokuwa inageuka kwa heshima.

Kwenye kwaya ile alikuwepo daktari wa zahanati ya kanisa, mwanamke, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Aliweka kitabu cha nyimbo, akamshika mama Subilaga mkono, wakatoka kuvuka uwanja kwenda zahanati. Fundi akafuata, maana ni mume. Mzee wa kanisa naye akafuata, maana ni mzee. Mzee wa kanisa akiona mlango unataka kufungwa, lazima awe upande wa ndani.

Chumba kilikuwa kidogo. Meza ya daktari, benchi moja ukutani, kigoda kimoja. Mama akakaa kwenye benchi, upande wake wa kulia akauelekeza kwa daktari. Fundi akakaa kwenye nafasi iliyobaki, kushoto kwake. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kukaa upande ule, na hakutambua. Mzee akachukua kigoda, akakaa mbele yao, magoti yake yameziba nusu ya chumba.

Daktari akachukua kile kitochi chao kidogo chenye mdomo mwembamba, akaangalia sikio la kulia, akasema vizuri. Akazunguka, akaangalia la kushoto. Alikaa huko muda mrefu.

"Kiwambo kimetoboka," akasema. "Na kinatoa usaha. Mama, hili limeanza lini?"

"Siku nyingi kidogo."

Fundi akajikuta anauliza: "Daktari, sikio nalo lina kiwambo?"

"Fundi, wewe ndiye wa kuniuliza mimi?" Daktari akarudi kwenye kiti chake. "Mwili mzima umewambwa. Moyo wako uko ndani ya mfuko mwembamba wa utando, na kati ya mfuko na moyo kuna majimaji kidogo, ili moyo ukidunda usijichubue. Mapafu vile vile, yamevikwa utando mara mbili, yanateleza ukipumua. Utando huo ukivimba, kila pumzi ni kisu. Matumbo yamefunikwa na utando, tena umeyashikilia yasijifunge mafundo. Ndani ya goti la mzee hapa kuna utando unaotoa ute wa kulainisha."

"Wangu umestaafu," akasema mzee, akalisugua goti. Hakucheka mtu, lakini fundi alimshukuru moyoni.

"Mdomoni, puani, kooni mpaka tumboni, kote kumetandikwa utando wenye unyevu. Unanasa vumbi, unazuia wadudu, unapitisha chakula kiingie kwenye damu na kukataa uchafu. Kisha juu ya yote kuna ngozi, koti la nje. Kila chenye thamani ndani ya mtu kimefunikwa na kitu chembamba, na hicho chembamba ndicho kinachofanya viungo vikae pamoja bila kusagana."

Fundi alikuwa ameinama mbele, amesahau yuko wapi. Ilikuwa kazi yake hiyo! "Na hicho cha sikio, ni kinene kiasi gani?"

"Kama karatasi. Chembamba kuliko ngozi yoyote uliyowahi kuiwamba. Sauti ikikigonga kinatikisika, nyuma yake kuna vifupa vidogo vinapeleka habari ndani. Mtu mwenye masikio mawili, moja linasikia kabla ya jingine kwa nukta ndogo sana, ndivyo anavyojua sauti imetokea wapi. Akibaki na moja, anasikia, lakini hajui wapi. Ndiyo maana mama kule kanisani..." Hakumalizia. "Ukikipiga chembamba namna hii kwa hewa ya ghafla, kinapasuka."

Hewa ya ghafla. Fundi akakiangalia kiganja chake cha kulia, kile cha kupimia homa. Akakiweka chini ya paja.

"Mara nyingi," daktari akaendelea, "kikipasuka hujiunga chenyewe, kikitunzwa kisiingie maji, kikitibiwa mapema. Hiki hakikutibiwa. Lakini bado kuna njia. Hospitali ya mkoa wanachukua kipande cha utando mwembamba hapa juu ya sikio, unaofunika msuli, wanaziba. Nitampeleka mwenyewe. Ila kiraka cha namna hiyo hakivumilii kipigo cha pili. Kikiondoka, huenda asisikie tena upande huo maisha yake yote. Kwa hiyo lazima nijue. Mama, nini kilikupiga hapa?"

Mama akaangalia sakafu. "Mlango."

"Mlango?"

"Wa jikoni. Upepo uliusukuma."

Ndugu zangu, jikoni kwa fundi hakukuwa na mlango. Fundi aliung'oa mwenyewe zamani, akaupigia miguu, akaufanya meza ya kuwambia ngozi uani. Kila mtu aliyefika pale alikwishaukalia. Mzee wa kanisa aliyekaa kwenye kigoda alikuwa ameukalia juzi tu, akinywa chai iliyopikwa na mama huyo huyo.

Mzee akaanza kuangalia dari, kama mtu anayekadiria mbao. Fundi naye akapata tumaini la ajabu, tumaini baya: labda litapita. Mkewe amemfunika. Katika chumba kile watu wote wanajua, na wote wakinyamaza, mlango utabaki mlango. Akasema moyoni, mke wangu ananipenda. Na papo hapo moyo ukamjibu, au anakuogopa. Na akatambua kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kujua tofauti.

Mzee akakohoa. "Daktari, mambo ya nyumba tuyaachie nyumba. Mama, si nilikwambia siku ile ulipokuja kwangu, vumilia, ni shetani wa hasira tu, yatapita?"

Maneno yakishatoka hayana kamba ya kuyavutia. Mzee aliyasikia mwenyewe yakiwa hewani, akafumba mdomo, lakini yalikuwa yameshakaa katikati ya chumba na kuvuta kiti. Mama alikuwa amekwenda kwake. Alikwenda akiwa na sikio linalotoka damu, akarudishwa na neno vumilia, na Jumapili iliyofuata mzee na fundi walipokea wageni pamoja pale langoni.

Daktari hakumwangalia mzee. Alimwangalia fundi. "Nauliza mara ya mwisho. Mlango huo utampiga tena? Maana nikimtibu nikamrudisha kwenye mlango ule ule, nimefanya kazi gani?"

Fundi akakitoa kiganja chini ya paja.

"Daktari," akasema, "mlango ni mimi."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayemeza mfupa. Kisha akaegemea kwa mkewe, pale pale alipokaa, akaongea karibu na shavu lake, machozi yanadondoka kwenye shati la pasi: "Nisamehe, mke wangu. Nisamehe kwa yaliyotokea."

Mzee akapumua kama puto. "Amina!" akasema. "Amina, amina. Shetani ameaibika. Daktari, tuombe, turudi kanisani, watu wanasubiri ngoma." Akaanza hata kunyanyuka.

Mama alikuwa anaangalia ukuta.

Daktari akamgusa mkono. Mama akageuka kwake. "Anasema nini?" akauliza.

"Ameshasema, mama," mzee akadakia. "Ameomba msamaha. Sote tumesikia."

"Mimi sijasikia," akasema mama Subilaga.

Najua, wengine mnahesabu vichwani. Chumba kidogo namna ile, sikio la kulia zima, asisikie vipi? Labda alisikia. Sikuwekwa niwe hakimu wa sikio la mtu. Ninachojua ni kwamba mumewe alikuwa amelia upande ule aliouua mwenyewe, na wanaume wawili walikuwa tayari kwenda kupiga ngoma.

Fundi akaelewa. Akanyanyuka. Kufika upande wa kulia wa mkewe ilibidi apite mbele yake, kati ya benchi na magoti ya mzee, kisha ajibane kati ya benchi na meza. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko nafasi. "Samahani, mzee," akasema, na mzee akalazimika kusimama kabisa na yale magoti yake, na kwa muda mrefu wakawa wamesimama uso kwa uso, wanaume wawili wa kuheshimika, kila mmoja anajua mwenzake anajua nini. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenziwe machoni. Akapita. Kopo la pamba likaanguka, likaviringika. Akafika. Hapakuwa na pa kukaa, akapiga magoti sakafuni, kati ya mguu wa meza na ndoo ya takataka, kichwa chake kikawa chini ya sikio zima la mkewe.

"Nisamehe," akasema.

"Kwa lipi?"

Hapo ndipo penyewe. Alikuwa amezunguka chumba akidhani safari imeisha. Akatazama juu, mkewe hakuwa amekunja uso wala kuulainisha. Alikuwa anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri ngoma ya pili igongwe.

"Kwa kofi," akasema fundi. "Nilikupiga kofi mbele ya wageni. Ulisema ngoma imelala, na ilikuwa imelala. Niliikaza ulipoingia ndani. Nilijua ulikuwa umesema kweli, nikanyamaza. Nikawaambia watu unanigeuzia shingo kwa heshima."

Mama Subilaga akasema, "Nimesikia."

Basi.

Mnataka niwaambie alimsamehe? Mnataka waondoke wameshikana mikono, tupige makofi? Siwaambii. Hilo ni la mama, na tumeshamchukulia mengi. Alisema nimesikia, akanyanyuka na daktari, wakaenda kutafuta usafiri wa mkoani.

Sasa sisi. Nawaona mmetulia, mlikuwa mnacheka vizuri sana mwanzoni. Tulimcheka nani, wapendwa? Tulimcheka mwanamke aliyenyoosha mkono kusiko, na aliyemfanya hivyo alikuwa amesimama pale na fimbo za ngoma mkononi.

Sisi tumeumbwa kwa vitu vyembamba. Mungu hakutia chuma penye sikio, alitia utando wa karatasi, kwa sababu chuma hakisikii. Kila anayetusikiliza kwa karibu, mke, mume, mtoto, mfanyakazi wa ndani, mzazi mzee anayekaa kwetu, ametusogezea sehemu yake nyembamba kuliko zote. Nasi tunavua pete kwa ajili ya ngoma.

Halafu tunatubu! Ah, kutubu tunajua. Tunatubu hapa mbele, kwa machozi, na kipaza sauti, na watu wanasema amina. Tunaomba msamaha kwa Mungu, kwa mchungaji, kwa kikao, kwa kila asiyepigwa. Na aliyepigwa amekaa hapo hapo, tumemwekea mdomo kwenye sikio tulilolipasua, tunanong'ona, yaliyotokea yametokea, tusonge mbele. Asiposikia tunasema ana moyo mgumu. Nani kati yetu amewahi kunyanyuka akazunguka? Nani ameulizwa kwa lipi, akataja jambo kwa jina lake?

Nanyi mlioombwa msaada mkasema vumilia, msijifiche nyuma ya fundi. Ninyi mlikuwa na masikio yote mawili.

Kwaya, kaeni kwanza. Wimbo usubiri, sadaka isubiri. Kuna mtu humu ambaye anayetakiwa kumsikia hayuko madhabahuni. Yuko nyumbani anapika, au amekaa benchi la kina mama, au ni binti aliyehama na hapokei simu. Anayehitaji kunyanyuka na anyanyuke sasa, aende. Sisi wengine tutaangalia mbele. Hatutageuka kuona ni nani.